Maboksi ya chini ya milango ya Datsun 240Z: kukata kutu bila kupinda bodi

Datsun 240Z ikiingia gereji hapa Mbeya na rangi mpya inayong'aa, kitu cha kwanza ninachotoa mfukoni ni sumaku. Sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu inatosha. Ipitishe kwenye kona ya bodi iliyo mbele ya tairi la nyuma, kwenye ukingo wa chini wa mlango, kwenye shimo la tairi la akiba na chini ya sahani ya betri. Ikishika kwa nguvu, kuna chuma. Ikiteleza, ni puti, yaani kijazio kinachopakwa kusawazisha bodi, na puti nene kiasi hicho kwa kawaida imeziba tundu. Halafu chukua bisibisi butu uende chini ya gari, ugonge na kusukuma kila sentimita tano. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hujibu kwa sauti nzito na ganda la kutu linadondoka usoni, kwa hiyo vaa miwani.

Afrika Mashariki gari hili halihitaji kutambulishwa: lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ila wengi wanaolinunua wanasahau jambo moja. Halina chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser. Bodi ndiyo chasisi. Ugumu wake unatokana na handaki la katikati linalopita propela shafti, reli mbili chini ya sakafu, na maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Maboksi hayo yakioza, mlango unaanza kukwama, kioo cha mbele kinapata ufa bila kupigwa na jiwe, na hakuna alaimenti itakayokaa.

Yanaoza kutokea ndani. Maji ya mvua yanaingia kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya waipa, yanashuka nyuma ya fenda ya mbele, na huko yanakutana na majani na vumbi lililogeuka tope. Tope hilo linakaa juu ya ncha ya mbele ya boksi mwaka mzima. Kwa nyuma, tairi linarusha tope kwenye mshono wa bati la ndani na la nje, na udongo wetu mwekundu ukishashindiliwa pale hauachi unyevu upesi, hasa kwa gari linalokwenda Tukuyu ambako mvua haina likizo. Gari lililokulia Dar es Salaam au Tanga, au lililotoka Uingereza ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, lina tatizo la ziada: chumvi imejificha ndani ya vishimo vya kutu, na brashi ya waya haiitoi. Inatoka kwa kuoshwa na maji safi mara mbili au tatu, kila mara ukikausha papo hapo kwa hewa ya moto. Ukiiacha, kutu itaibuka chini ya rangi yoyote, hata ya bei gani.

Kabla ya kukata chochote, toa viti, kapeti, tangi la mafuta na paipu zake, kisha chomoa betri na alteneta. Sakafuni kuna tabaka la lami la kuzuia kelele. Libandue lote, maana kutu mbaya zaidi iko chini yake. Asubuhi za Juni na Julai lami hiyo inakuwa ngumu na inapasuka kwa nyundo na tindo butu. Mchana inalainika na itakubidi utumie hewa ya moto na kikwangua. Mabaki yanafutwa kwa thina, milango ikiwa wazi, na siku hiyo hakuna mtu kuwasha grinda.

Fenda za mbele zimefungwa kwa bolti za M6, spana namba 10. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Ikikatika moja, usiumie: toboa kwa drili ya mm 5 na ukate nyuzi upya kwa tapu ya M6 x 1.0.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoharibu magari haya kuliko kutu yenyewe. Ukikata boksi gari likiwa limeinuliwa kwa jeki katikati, bodi inajikunja kwa uzito wake, na ukichomelea boksi jipya unaifunga ikiwa imepinda. Weka stendi chini ya sehemu zinazobeba sasipensheni, mbele na nyuma, ili bodi ikae kama inavyokaa barabarani. Milango ikiwa bado imefungwa, pima uwazi wake kwa vijiti vya drili: cha mm 4 kinapaswa kupita kote, cha mm 6 kisipite. Andika vipimo kwenye bodi kwa chaki. Ndipo utoe mlango na kufunga mabomba ya mraba ya mm 25 yenye unene wa mm 2: moja kutoka matundu ya bawaba hadi nguzo ya nyuma ya mlango, jingine mshazari, na la tatu kuvuka gari kutoka upande hadi upande. Yafunge kwa bolti kwenye matundu yaliyopo kadiri inavyowezekana. Fanya upande mmoja, umalize, urudishe mlango na kupima, ndipo ugeukie wa pili. Anayekata pande zote mbili kwa pamoja ili aokoe muda atautumia muda huo wote akihangaika na milango.

Katika kukata, grinda yenye diski ya mm 1 inafaa kwa bati la nje, lakini kwenye mishono tafuta nukta za kuchomelea za kiwandani. Zisafishe kwa msasa hadi zionekane kama vishimo vya duara, kisha zitoboe kwa drili ya mm 8 ya ncha bapa, tabaka la juu tu. Bati la ndani libaki zima ikiwa ni zima. Kata hadi sentimita 2 au 3 kupita pale kutu inapoishia kwa macho. Chuma chenye vishimo vyeusi kinaweza kuonekana kigumu, lakini kimeshapungua unene, na moto wa kuchomelea utakitoboa mara moja. Ukifungua boksi, utakuta tope kavu. Jaza ndoo ukipenda, halafu safisha hadi ndani kabisa.

Bati la kiraka linaleta ubishi. Mabati ya kuezekea ya geji 28 au 30 yapo kila duka la sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, na ndiyo sababu yanaishia kwenye magari. Usiyatumie. Unene wake haufiki nusu milimita, na zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaokuletea homa na kutetemeka jioni ile ile. Nunua shiti tupu ya chuma isiyo na zinki: mm 0.8 hadi 1.0 kwa ngozi ya nje na sakafu, mm 1.2 kwa maboksi na reli. Usiamini namba iliyoandikwa kwa chaki dukani. Shiti ya futi 8 kwa 4 yenye mm 1.0 ina uzito wa karibu kilo 23.4; ya mm 1.2 ni kilo 28. Iweke kwenye mizani. Ikija kilo 20, umepewa mm 0.85, na mwambie muuzaji hivyo.

Chora kiraka kwanza kwenye karatasi ngumu ya katoni, ikate, ijaribu, ndipo uhamishie kwenye bati. Mikunjo ya boksi la mlango ni mirefu na imenyooka, hivyo mafundi wa milango ya chuma wenye mashine ya kukunjia watakukunjia kwa usahihi kuliko nyundo na kipande cha reli ya treni. Ile kona ya mbele ya tairi la nyuma ina mpindo wa pande mbili. Hapo ni nyundo ya plastiki, mfuko wa mchanga na uvumilivu, au kipande cha kuagiza.

Kwa kuchomelea, mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, yenye gesi na waya wa mm 0.6 haina mpinzani. Wa mm 0.8 unakubali ukipunguza moto. Gesi ya CO2 tupu inafanya kazi ila inachoma kwa ukali na kurusha cheche, mchanganyiko wenye agoni ni mtulivu zaidi. Lita 10 hadi 12 kwa dakika zinatosha, lakini upepo wa Agosti unaipeperusha gesi na kuacha chomeo lenye matundu kama sponji, basi weka kizuizi cha turubai. Vijiti vya kuchomelea vya mm 2.5 vya mashine ya kawaida viache kwa mageti. Kuunga kwa gesi na shaba nako nakataa kwenye maboksi: joto linasambaa na kupinda bati, dawa ya kuungia ikibaki inakula chuma, na atakayekuja baadaye hawezi kuchomelea juu ya shaba.

Kwenye ngozi ya nje, unga ncha kwa ncha ukiacha nafasi sawa na unene wa bati. Piga nukta moja, ruka hadi upande mwingine, piga nyingine, hadi ziwe kila sentimita 3. Kisha jaza katikati kidogo kidogo, ukingoja mkono uweze kuligusa bati kabla ya kuendelea. Nyuma ya mshono shikilia kipande cha bomba la shaba nyekundu kilichopondwa. Chomeo haligandi hapo na tundu haliungui kupita. Kwenye sakafu na mishono ya maboksi, lalisha bati juu ya bati kwa mm 15, toboa matundu ya mm 8 kila sentimita 3 kwenye la juu, uyajaze kwa kuchomelea. Nyuso zinazogusana zipakwe praima (rangi ya msingi) ya zinki inayovumilia moto, na mshono uzibwe kwa gundi ya bodi baada ya praima. Umeme ukishuka jioni, acha. Chomeo linaonekana limekaa juu, kumbe halikuingia. Jaribu kwenye chakavu na ulibandue kwa tindo uone.

Vitu vidogo kama bawaba, mabano na kishikio cha betri vinasafishika vizuri kwa molasi, ile ile inayouzwa kwa wafugaji. Sehemu moja kwa tisa za maji, kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, wiki moja hadi mbili. Wakati wa baridi ni ndefu zaidi. Alumini isitumbukizwe humo.

Chuma kikiwa kitupu, praima ya epoksi ya kuchanganya ipigwe siku hiyo hiyo. Praima ya kawaida ya kijivu inanyonya maji, na gari likiachwa nayo uani masika yote litapata kutu hata pale palipokuwa safi. Uyole alfajiri ya Julai umande unalowesha bati zima, na epoksi haikauki vyema chini ya nyuzi 15, hivyo piga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kama ulitumia dawa ya asidi ya fosforiki, suuza na kukausha kabisa kwanza, la sivyo epoksi itabanduka kama ganda. Puti inakuja juu ya epoksi, isizidi mm 2 au 3.

Nta ya ndani ya maboksi ndiyo ya mwisho, baada ya rangi, kwa mpira mrefu wenye ncha inayonyunyiza pande zote. Oili chafu ya injini, ambayo wengi wanaipenda kwa kuwa ni ya bure, ina asidi na inalainisha raba za sasipensheni. Chagua mchana wa jua ili nta itambae kwenye mishono, na tandika gazeti chini: inapaswa kudondoka kupitia kila tundu la kutolea maji. Tundu lisilodondosha limezibwa na gundi au lami. Lizibue kwa waya na upulizie tena kabla mvua za Novemba hazijaanza.