Daftari la mizani: ubishi wa nyaraka na amri ya kulinda siri

Wateja wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Tabora huamini kwamba ukishatamka "siri ya biashara" mbele ya hakimu, ubishi wa nyaraka, yaani mabishano kuhusu nani amwonyeshe mwenzake waraka gani, umekwisha. Sivyo. Siri hubadilisha namna waraka unavyoonyeshwa. Ni mara chache huuzuia usionyeshwe kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfugaji nyuki wa Sikonge anamshitaki mnunuzi wa asali kwa madai kwamba ndoo zake zilipunjwa uzito. Ushahidi umo katika daftari la mizani la mnunuzi, ambalo kila mstari una tarehe, jina la muuzaji, uzito wa ndoo ikiwa na asali na uzito wa ndoo tupu. Tatizo ni kwamba kurasa hizo hizo zina majina ya wafugaji wengine, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mnunuzi ameandika bei anayouzia Dar es Salaam.

Amri ya XI (hapa "Amri" ni jina la sehemu ya kanuni, si agizo la hakimu) ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu mdai kuiomba mahakama imwamuru mnunuzi ataje kwa kiapo nyaraka alizonazo zinazohusu shauri, pamoja na zile anazokataa kuzitoa. Mahakama inaweza kulikataa ombi au kulipunguza ikiona halihitajiki ili haki itendeke au gharama ziokolewe. Katika shauri jingine, ombi langu la kwanza la aina hii liligonga mwamba hapo, kwa kuwa niliandika "nyaraka zote za biashara ya mdaiwa"; hakimu akaniuliza ni waraka gani hasa, nikakosa jibu. Siku hizi ningeomba mistari yenye jina la mdai kwa msimu mmoja, pamoja na uthibitisho kwamba mizani ile ilihakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Kuhusu siri, Marekani wana Kanuni ya 26(c) ya mwenendo wa madai katika mahakama za shirikisho: anayeomba amri ya kulinda siri aonyeshe sababu ya msingi, na athibitishe kwamba kwanza alijaribu kwa nia njema kuafikiana na mwenzake. Mwaka 1984, katika shauri la Seattle Times dhidi ya Rhinehart, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliafiki amri iliyolizuia gazeti kuchapisha taarifa lilizozipata kwa njia ya shauri lenyewe, ila halikuzuiwa kuchapisha lilichokipata kwingineko. Amri yetu ya XI haina kanuni ya kina kama hiyo, hivyo mawakili huafikiana na makubaliano yakaingizwa kwenye kumbukumbu, au huiomba mahakama itumie mamlaka yake ya asili, yaani uwezo wake wa kutoa amri ya haki hata pasipo kanuni mahususi.

Kwa daftari letu, ningependekeza mdai apewe nakala ambayo majina ya wengine na bei za pembeni vimefunikwa kwa wino, na wakili wake aruhusiwe kuilinganisha na daftari halisi mbele ya karani, kwa sharti la kutotumia alichokiona nje ya shauri. Mnunuzi akikaidi hata baada ya amri, utetezi wake unaweza kuondolewa, na shauri likasikilizwa kana kwamba hakuwahi kuuwasilisha.