Mahari na faida ya dagaa ni vya nani?

Huku Mwanza, kuanzia soko la samaki la Mwaloni Kirumba hadi majumbani, wengi huamini kwamba katika Uislamu mahari ni ya baba wa binti, na faida ya mama muuza dagaa ni ya mumewe. Inaeleweka, maana ndivyo mila za koo nyingi zilivyo. Dini inasema vingine. Katika Kurani, sura ya An-Nisaa, aya ya 4, inaamuru wanawake wenyewe wapewe mahari yao. Aya ya 32 inawapa fungu katika walichochuma. Kulisha nyumba ni wajibu wa mume. Mke akichangia ni hisani, tena hisani kubwa. Tafsiri za Kiswahili zinapatikana: soma aya hizo, kisha muulize shehe wako ipi ni dini, ipi ni mila.