Nairuzi: sikukuu ya machipuko inayosherehekewa Julai

Kila Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, unapokaribia kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, huwa naulizwa: kama hii ni Nairuzi ya Waajemi, mbona wenyewe Wairani huisherehekea Machi? Kwa sisi tunaoshughulika na kalenda za pwani hakuna swali tamu kuliko hili, maana jibu lake limo ndani ya hesabu.

Kule Iran, Nowruz, ndiyo Nairuzi yetu kwa jina la Kiajemi, huingia mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi, baridi ikiondoka na miti ikichipua. Siku kadhaa kabla, familia huotesha ngano au dengu kwenye sahani. Miche hiyo hupangwa mezani pamoja na siki, kitunguu saumu, tufaha na vinginevyo, vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na herufi sini. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho wa mwaka watu huruka moto. Sikukuu ikifika, watoto huenda kuwaamkia wazee na kupewa pesa, na siku ya 13 familia nzima hutoka kwenda kula nje, ile miche ikatupwa kwenye maji yanayotiririka.

Sasa hesabu. Mwaka wa kale wa Kiajemi ulikuwa na siku 365 kamili, ilhali mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Robo hiyo isipofidiwa, sikukuu hurudi nyuma siku 1 kila baada ya miaka 4 hivi. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah aliyetawala Uajemi, wanajimu akiwemo Omar Khayyam walirekebisha kalenda, na Nowruz ikafungwa kwenye machipuko.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuifuata kalenda hiyo mpya. Waliendelea kuhesabu siku 365 kuanzia Nairuzi, na ndivyo Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, alivyotaja nyakati za kusafiri: siku ya ngapi ya Nairuzi chombo kitweke tanga. Kalenda ya mwezi isingewafaa kwa kazi hiyo, kwani hupungua siku 11 hivi kila mwaka, na kaskazi na kusi hazifuati mwezi. Enzi za ibn Majid, Nairuzi ya baharini ilishaangukia Novemba. Endelea kuirudisha nyuma kwa mwendo huohuo, unafika Julai ya leo.

Waswahili waliichukua kalenda hiyo wakaifanya yao. Mwaka uligawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, mvuvi alijua mwongo wa bahari kuchafuka. Mwaka wenyewe uliitwa kwa siku ulioanzia: ukianza Ijumaa, ni Mwaka Ijumaa.

Ndiyo maana siridhiki tunapoishia kusema “ililetwa na Washirazi.” Uhusiano na Uajemi upo, na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, jirani na Makunduchi, ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Lakini masimulizi ya wana wa wafalme wa Shirazi, mji wa Uajemi, waliokuja na majahazi yao hayaelezi kwa nini sikukuu ilidumu. Kwa maoni yangu ilidumu kwa sababu watu walikula kwa kalenda ile, na asiyejua mwaka umeingia lini alikosea kupanda na kusafiri.

Pale Makunduchi wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, huku wanawake wakiimba. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wengi wakiuona husema ni moto uleule wa Iran. Mimi sikubali upesi hivyo: kuchoma cha zamani mwaka ukigeuka ni jambo ambalo jamii nyingi zimelifikia zenyewe. Ninachokiona cha Makunduchi hasa ni mgeni. Nyumba isiyopata mgeni siku ile huhesabiwa kuwa imekosa heri, hivyo wenyeji humwita hata mpita njia aje kula.

Hesabu ikiachwa ilivyo, bila kuongezwa ile robo, Mwaka wa Makunduchi utakutana tena na Nowruz mwezi Machi baada ya miaka 500 hivi.