Ile Haikuwa Likizo

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja alinyanyuka akasema maneno niliyoyasikia mara nyingi hadi yamenikinai: "Mwalimu, tusisingizie korona. Sisi Tanzania hatukufungiwa ndani. Watoto walipata likizo ndefu kidogo, wakarudi. Na mtoto akishajua kusoma ameshajua, hasahau." Wazazi wakampigia makofi. Nilimjibu kwa dakika mbili tu kwa sababu ajenda ya michango ya uji ilikuwa inasubiri. Leo namjibu kwa urefu unaostahili.

Nafundisha KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, darasa la kwanza na la pili, hapa Moshi mjini. Mwaka 2020 nilikuwa na darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 80. Wale watoto sasa wanamalizia shule ya msingi, na kila matokeo ya majaribio yakiwa mabaya mjadala huu unafufuka upya.

Hilo la kufungiwa nalimaliza haraka. Ni kweli amri ya kukaa ndani haikutoka. Soko la Mbuyuni liliuza, makanisa na misikiti viliendelea na ibada, daladala zilipakia. Tuliweka ndoo za maji tiririka milangoni, tukashonesha barakoa za kitenge, tukajifukiza, maisha yakaenda. Lakini shule zilifungwa. Mgonjwa wa kwanza nchini aliingilia hapa hapa kwetu, uwanja wa ndege wa KIA, tarehe 15 Machi 2020. Akatangazwa tarehe 16, na siku iliyofuata, Jumanne, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule zote kuanzia za awali hadi kidato cha sita kwa siku 30. Zile siku 30 zikazaa nyingine. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, sisi wengine tarehe 29 Juni. Hesabu mwenyewe: ni siku 104.

Najua nitaambiwa kwamba Uganda walikaa karibu miaka miwili ndipo shule zikafunguliwa kikamilifu, Januari 2022, na kwamba ndani ya siku zetu 104 kulikuwa na Pasaka na likizo ya Juni ambazo zingekuwepo tu. Yote mawili ni kweli. Ukitoa hizo, wiki za masomo zilizopotea ni chache kuliko watu wanavyozitaja. Hapo yule baba ana haki yake.

Ila likizo ni kitu kingine kabisa. Likizo ina tarehe ya kurudi. Mwalimu anaijua tangu Januari, anafunga mada, anatoa kazi ya nyumbani, mzazi anapanga. Jumanne ile hakuna aliyefunga mada yoyote. Watoto wangu waliondoka na daftari moja au mawili kwenye mfuko wa plastiki, na vitabu vya kusomea vikabaki kabatini kwa sababu ni vya shule na havitoki. Kabati nililifunga mimi, ufunguo nikaenda nao nyumbani. Hilo la vitabu linaniuma mpaka leo.

Na nyumbani kwenyewe hapakuwa na likizo. Mji huu unakula mlimani. Aprili safari za ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa, mpagazi, mpishi wa mlimani, muongoza watalii na dada wa kufanya usafi hotelini wote walikosa kazi kwa mpigo. Kodi ya chumba Pasua au Njoro haikusubiri. Wazazi wengi walifanya jambo la busara kabisa: walipandisha watoto kwa bibi, Kibosho, Machame, Rombo, kwenye ndizi na maziwa. Masika yalikuwa yameshaanza. Mtoto wa miaka sita alikata majani ya ng'ombe, alichota maji, alimbeba mdogo wake mgongoni. Silaumu, na mimi nililelewa hivyo hivyo. Nasema tu kwamba miezi mitatu ilipita bila mtu yeyote kumwekea neno lililoandikwa mbele ya macho na kumwambia, soma hapa.

Sasa tuje kwenye "hasahau", maana hapo ndipo penye kosa lenyewe.

Kiswahili kinawadanganya wazazi. Kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu akimwona mwanawe ameshika irabu tano na konsonanti zake anasema huyu amemaliza. Amemaliza kujua herufi, kusoma bado. Chukua neno "hawajatuletea". Ni neno moja, silabi saba: ha-wa-ja-tu-le-te-a. Mtoto anayetumia sekunde mbili kwa kila silabi anafika mwisho baada ya sekunde 14, na akifika huko ile "ha" ya mwanzo imeshamtoka kichwani. Muulize amesoma nini. Atakwambia "wametuletea". Kila herufi ameitamka sawasawa, na maana ameipindua chini juu. Vitenzi vyetu vinabeba mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi kwa pamoja, kwa hiyo asiye mwepesi wa silabi hawezi kuelewa sentensi hata kama anajua sauti zote. Nikisema mtoto hajui kusoma mzazi anakasirika: "Mbona a, e, i, o, u anazijua zote?" Anazijua, ndiyo. Ninachomtafutia mimi ni wepesi.

Na wepesi hauji kwa kueleweshwa. Tazama vidole vya msusi: havimuulizi tena njia ipite wapi. Vilizoea kwa kurudia kila siku, vichwa kwa vichwa. Msusi wa miaka mingi akiacha kazi miezi mitatu, akirudi anayumba kichwa cha kwanza, cha pili yuko sawa. Lakini binti aliyejifunza wiki mbili tu, akaacha miezi mitatu, anaanza upya. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya 2020 ni hili: siku ile ya tarehe 17 Machi mtoto wako alikuwa amefika wapi?

Wa darasa la nne na kuendelea walikuwa na wepesi wao, wakayumba siku chache. Wa darasa la pili, wengi waliinuka ndani ya wiki mbili au tatu. Wangu walikuwa na wiki kama kumi tu za shule tangu Januari. Tulikuwa tumemaliza irabu na konsonanti chache, na walikuwa bado kwenye hatua ambayo kila mwalimu wa KKK anaifahamu: silabi zinasomwa kwa kuimba. Ukimwonyesha "bo" peke yake hawezi kuisema, anaanzia "ba, be, bi" ndipo aifikie. Hiyo ni ngazi halali, kila mtoto anaipita. Ubaya ni kwamba ukimwachia hapo haimshiki.

Wiki ya kwanza ya Julai nilimwita kijana mmoja mezani kwangu. Machi alikuwa miongoni mwa wanaoinua mkono. Nikamwandikia: Baba anabeba kuni. Akasoma kwa sauti kubwa, bila kusita, "Baba analima shamba." Alilitambua "baba" kwa sura, mengine akayatunga. Nikaandika "bo". Akatazama dari. Nikamsaidia: ba... Akanyamaza, akaanza kufuta ubao wake mdogo kwa kiganja wakati haukuwa na kitu. Yule alisahau. Na hakuwa mzito wa kichwa hata kidogo. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenieleza hatua kwa hatua jinsi ng'ombe wa babu yake alivyozaa.

Masomo ya redioni na kwenye televisheni yalikuwepo, na kwa wanafunzi wakubwa yalisaidia. Kwa darasa la kwanza redio haina herufi. Mimi nilituma karatasi za silabi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Simu yenye WhatsApp ilikuwa ya baba, na baba asubuhi anatoka nayo kwenda kutafuta kibarua. Wachache waliozipata, mama alisoma na mtoto akaitikia, wakajaza kurasa nzima za kukariri. Nina wasiwasi kwamba kwa baadhi yao karatasi zangu ndizo zilizowafundisha kubuni badala ya kusoma.

Lakini kosa kubwa kuliko yote tulilifanya sisi walimu baada ya tarehe 29 Juni. Tulitakiwa kufidia, na tukafidia mada. Nilichukua azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka, nikabana miezi mitatu ndani ya wiki chache, na Agosti nikaingia kwenye konsonanti mwambatano, "mbwa" na "ng'ombe" na "ndwele", na watoto ambao "bo" bado iliwashinda. Andalio la somo lilikuwa safi, mkaguzi angefurahi. Nilichopaswa kufanya ni kurudi "ba" kwa mwezi mzima na kuacha azimio likae. Nililijua hilo wakati ule ule. Niliogopa kuonekana nimebaki nyuma ya wenzangu.

Kuna mtoto mmoja nampenda kumtaja. Alikuwa darasa la pili, akapelekwa kwa bibi yake Machame, na Julai alirudi anasoma kuliko alivyoondoka. Nikamuuliza nani alikuwa anamfundisha. Akasema hakuna. Bibi macho yamekwisha, kila jioni anataka wimbo kutoka kitabu cha nyimbo cha kanisani, na hakuna mwingine wa kumsomea. Akikosea, bibi anamkatisha, maana nyimbo anazijua kwa moyo. Hakukuwa na mwalimu wala andalio, kulikuwa na mtu mwenye shida ya kusomewa, na kitabu kiko ndani ya nyumba.

Hata hapo lazima niseme ukweli wote: yule mtoto Machi alikuwa tayari anaunga silabi vizuri. Angekuwa wa darasa langu la kwanza, sidhani kama nyimbo zingetosha. Na nikifungua daftari langu la Januari na Februari mwaka ule naona majina yaliyokuwa yanalegalega kabla korona haijaitwa jina. Watoto zaidi ya 80, mwalimu mmoja, watatu kwa dawati. Baadhi ya tunaowaita watoto wa korona wangekwama hata bila korona, na mimi siwezi kuwatenganisha. Desemba niliwapandisha wote darasa la pili. Kuna usiku naona nilifanya sawa, kuna usiku naona ningewakaririsha darasa nusu yao. Sijapata msimamo.

Jumanne wiki hii, baada ya kile kikao, nilimwita binti mmoja wa wale wale, mrefu kunizidi sasa. Mwalimu wake wa hisabati analalamika kwamba mafumbo, zile hesabu za maneno, yanamshinda. Nikampa swali la mwenye duka na magunia ya mahindi. Alilisoma polepole, kidole chini ya kila neno, akafika mwisho akaniangalia tu. Nikamnyang'anya karatasi, nikamsomea mara moja kwa sauti. Akachukua kalamu, akalikokotoa lote bila kosa.

Tangu juzi anabaki darasani kwangu dakika 15 baada ya kengele ya mwisho. Tumeanza na mwa, mwe, mwi.