Hiyo siyo XL yenye tangi kubwa

Wiki hii huyu ni mteja wa tatu. Kanitolea simu, picha ya pikipiki BMW R 1250 GS: "Fundi, hii si Honda XL ile ile, ila tangi kubwa?" Anataka ya kufuatia asali huko Sikonge, ndani kabisa kwenye mizinga. Nikamwambia kaka, kaa kwanza.

Honda CRF300L, mjukuu wa XL, ina kilo 142 hivi na mafuta yake. Hiyo dualispoti, pikipiki nyepesi ya lami na porini. GS ni adivencha, pikipiki kubwa ya safari ndefu, kilo 249. Hapo katikati kuna mifuko miwili ya saruji na chenji inabaki.

Lami nakubali. Tabora hadi Dodoma, kioo kinakinga upepo, cc 1254 haitoki jasho hata umempakia mama watoto na mabegi. Dualispoti nayo itafika, kiuno chako ndicho kitabaki njiani.

Sasa mchanga wetu. Mnasema injini kubwa "inavuta". Inavuta nini? Ukipunguza mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, tairi linachimba, usukani unakataa, uko chini. Nyepesi utaiinua huku unatukana, uondoke. GS ikilalia silinda yake ile iliyochomoza ubavuni, nawe uko peke yako miomboni, tafuta kivuli usubiri wapita njia.

Na rimu msinihubirie! Eti inchi 21 mbele ni dualispoti, 19 ni adivencha. Africa Twin CRF1100L ina 21 mbele na 18 nyuma, sawa na CRF300L, na imepita kilo 220. Rimu kubwa inasaidia tairi kupanda kingo ya shimo. Kilo haipunguzi hata moja.

Kinachonishinda ni Kawasaki KLR650. Imetoka 1987 na silinda moja kama dualispoti, tangi lita 23 kama adivencha, uzito unagonga kilo 200. Kuna mtu nilimwambia dualispoti, mwingine nikamwambia adivencha. Naomba wasikutane.

Mteja akauliza, basi achukue CRF? Debe la asali la lita 20 ni kilo 28 hivi, na fremu ya nyuma ya dualispoti ni nyembamba, nimeshazichomelea kadhaa.

"Unabeba madebe mangapi?"

"Sita, fundi. Msimu ukikolea, manane."

"Kaka, wewe unatafuta guta."