Bundi aliyeua kama mwewe

Kazi yangu ni mifupa ya ndege, na nikipewa ndege mwindaji huanza na vidole. Mshike bundi wa leo (kama huogopi uchuro) umtazame kucha: zote nne karibu zalingana. Mwewe na tai sivyo. Kwao kucha ya kidole cha nyuma na ile ya kidole cha ndani cha mbele zimezipita nyingine kwa ukubwa, kwa sababu ndizo zinazochoma windo hadi life. Bundi hukamata kwa miguu, lakini kuua huua kwa mdomo.

Sasa waje protostrigidi, familia ya bundi iliyotoweka. Mifupa yao imepatikana Marekani, Uingereza na hata Mongolia, mingi ikiwa ya kipindi cha Eosini, yaani miaka milioni 56 hadi 34 hivi iliyopita. Wengine walikuwa vijibundi tu, kama Eostrix gulottai wa Virginia. Ninayempenda mimi ni Primoptynx poliotauros wa Wyoming, wa miaka milioni 55 hivi iliyopita, kimo chake yapata sentimita 60. Kisukuku chake kilikaa takriban miaka 30 tangu kiokotwe hadi wataalamu wa visukuku Gerald Mayr, Philip Gingerich na Thierry Smith walipomtangaza mwaka 2020. Jina hilo la pili, kwa njia, ni Greybull, jina la mahali huko Wyoming, iliyogeuzwa Kigiriki: fahali wa kijivu. Wanasayansi nao wana utani wao.

Mwili wake ni wa bundi, hilo halina ubishi. Lakini ukifika kwenye kucha, ile ya nyuma na ile ya kidole cha ndani ni kubwa mno, sawasawa na za mwewe. Ndiyo maana twaona kwamba aliua kwa miguu, tena wanyama wa kunyonyesha wenye kimo cha kati. Simshangai Shufeldt, mtaalamu wa ndege wa Marekani, ambaye mwaka 1913 alimpa ndugu yao mwingine, anayeitwa leo Minerva antiqua, jina la Aquila, yaani tai.

Kwa nini hawapo tena? Mayr anahisi ni ushindani. Kuelekea miaka milioni 34 iliyopita, mwewe na jamaa zao wa mchana walikuwa wanaenea, na huenda ndio waliowasukuma bundi kubadili uwindaji, pengine hata kuhamia usiku. Dhana hiyo naikubali nusu. Kucha zaweza kunieleza jinsi ndege alivyoua; saa aliyotoka kuwinda hazinielezi.