Aliyeachika katika Uyahudi hafukuzwi kwenye imani

Wapo wanaosoma Kumbukumbu la Torati 24, panapotajwa mume kumpa mkewe hati ya talaka, wakadhani kwamba mwanamke wa Kiyahudi akishaachika hana lake tena mbele ya Mungu wala kwa watu wake. Si kweli hata kidogo.

Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi) wa kale, inasema mtu akimwacha mke wake wa kwanza, hata madhabahu hutoa machozi. Huzuni hiyo haikugeuzwa kuwa adhabu. Tazama hati yenyewe ya talaka, iitwayo get: huandikwa kwa mkono, kwa desturi mistari 12, kwa ajili ya wanandoa hao tu, kisha mume huiweka mikononi mwa mke mbele ya mashahidi wawili. Kiini chake ni kumfungua: sasa yuko huru kuolewa na mwingine. Atasubiri miezi mitatu hivi, na hawezi kuolewa na kohen, yaani mtu wa ukoo wa makuhani. Sabato, sala na sinagogi vinabaki vyake.

Wengine huzama kwenye mikve, maji ya utakaso, kuanza upya kwa jina lao wenyewe. Mayyim Hayyim, mikve iliyofunguliwa 2004 huko Newton, Massachusetts, Marekani, inawapokea waliotalikiana.

Uchungu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwingine: mume anapokataa kutoa get, mke hubaki amefungwa, aguna. Dhuluma hiyo ndiyo ya kupigiwa kelele, na ndiyo maana marabi wengi wa Marekani huwasainisha maharusi mkataba wa kuizuia kabla ya ndoa.